Nyuki Wanaporudi Mzingani

Nyuki walikuwa wakizunguka juu ya bonde bila haraka, kama wageni waliofika mapema mno na hawajui wakae wapi. Bonde lenyewe halikuwapo popote duniani. Lilikuwa ndani ya kioo kilichosimamishwa mbele ya kiti cha Mzee Athumani Shemboza, na kila kitu ndani yake kilikuwa na rangi ya alfajiri: ukungu ukipanda, kijito kisicho na sauti, ua jeupe upande wa kushoto, ua la zambarau upande wa kulia. Katikati, kwenye tawi la mti, ulining'inia mzinga wa gogo.

"Haya, mzee wangu," alisema Mwamvita. "Wapeleke kwenye jeupe. Taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Nyuki walisita. Kisha kundi zima likainama hewani, likateleza kushoto na kutua juu ya ua jeupe, na bonde lote likang'aa kidogo kwa furaha. Fatina, binti wa mzee, alipiga makofi mlangoni.

Mwamvita Singano alikuwa mkufunzi wa kofia. Alipanda na kushuka milima ya Usambara na mkoba mgongoni, ndani yake kofia ya nyavu laini, chupa ya maji ya chumvi ya kulowanishia vihisi, na kioo cha kukunja. Watoto wa shule walivaa kofia kama hizo kujifunza utulivu kabla ya hesabu, na vijana wa sokoni walizivaa kushindana nani atapandisha puto juu zaidi kwa mawazo tu, wakitaniana hadi jua linazama. Yeye alizipeleka kwa watu ambao mwili umewafungia mlango kwa nje.

Mzee Shemboza alifungiwa na kiharusi. Hakubakiwa na neno wala kidole. Kope zake zilishuka na kupanda zenyewe bila kumtaka ruhusa, na macho yalikaa mbele, mahali pamoja, mchana kutwa. Majirani walianza kumsema mbele yake kama mtu asiyekuwapo. Ni mkewe, Bi Hidaya, aliyewafukuza na kumwita mkufunzi.

"Mbona hageuzi macho, na nyuki wanakwenda?" Fatina aliuliza siku ile, akisuuza kofia kwa maji ya uvuguvugu.

"Yale maua yanametameta," Mwamvita alimjibu. "Kila moja kwa kasi yake, haraka mno, wewe unaona mng'aro tu. Lakini ubongo, huku kisogoni, unaitikia mdundo wa kile ulichokitia maanani, kama watu wa nyuma ngomani wanavyoitikia bila kujijua. Kofia inasikiliza kiitikio. Jicho si lazima ligeuke, mdogo wangu. Moyo ukigeuka inatosha."

"Na mzinga?"

"Mzinga haumetameti. Baba akiacha kutazama nje, akajiingilia ndani mwake, ubongo unatoa wimbi pana la polepole, na nyuki wanarudi nyumbani. Maana yake amechoka. Hapo namvua kofia, tunampumzisha."

Bi Hidaya, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, alicheka peke yake. Mumewe alikuwa mfuga nyuki maisha yake yote, mizinga yake ikitundikwa shamba la juu karibu na msitu, na siku ya kwanza Bi Hidaya alipoona wale wa kwenye kioo alisema: "Nyuki wasiouma! Baba Fatina atawadharau hawa." Lakini hakuwadharau. Alijifunza kuwaongoza upesi kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya kioo cha Mwamvita, na sasa kila aliyeingia nyumbani alimuuliza jambo. Baba, utakula ugali? Jeupe, ndiyo. Tufungue dirisha? Zambarau, hapana. Alikuwa amerudi kuwa mkali juu ya dirisha, na nyumba nzima ilifurahi kukaripiwa.

Mara nyingine, katikati ya maswali, nyuki waliyaacha maua yote mawili na kurudi mzingani mmoja mmoja. Mwamvita alipoona hivyo alimpangusa mzee paji la uso, akamvua kofia, akafunga mkoba. Hakuwahi kufikiri mara mbili.

Fatina alimsindikiza hadi njiapanda. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya kabichi, na mtu angeweza kudhani nyumba zinaelea.

"Dada Mwamvita, Ijumaa wanakuja wageni. Upande wa Idrisa."

Mwamvita alimjua Idrisa kwa sifa. Kijana wa huko chini tambarare, fundi wa vinu vya upepo, kazi imempata Makambako, mbali kiasi kwamba mtu akienda anaagwa. "Hongera. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema atakalosema baba." Fatina alivuta ushungi. Kisha, kwa kuwa ukungu humfanya mtu ajihisi hasikiki, akasema lililobaki. "Namtaka, dada. Namtaka mpaka najionea haya. Lakini ni mimi ninayemlisha baba, ni mimi ninayemgeuza, ni mimi ninayejua jicho lipi linamwasha. Nitaondokaje? Akisema ndiyo mwenyewe, kwa nyuki wake, basi nitakwenda. Haitakuwa mimi niliyemwacha."

Mwamvita alihisi mkoba umekuwa mzito kuliko alipotoka, na akalaumu maji ya chumvi.

*

Wageni walipanda kutoka Mombo kwa gari la waya, wakaibuka kutoka mawinguni na kanzu zao na kikapu kilichofunikwa vizuri. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kuizungushia fremu ya mlango taa ndogo ndogo za sherehe, zile zinazotetema mfululizo mpaka macho yanalewa, na kwa kuwa ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani, taa ziliwashwa mchana huo huo. Mlango uling'aa kama unaelekea pahali pengine kabisa.

Kwa desturi binti anayeposwa hukaa ndani, asionekane. Bi Hidaya alikataa. Alisema mumewe hataulizwa juu ya mtu asiyemwona. Akamweka Fatina mlangoni penyewe, chini ya taa, kwenye kigoda, kichwa kimeinama na kanga imemfunika hadi usoni. Mzee alikuwa kitini akiukabili mlango, kioo mbele yake kwa chini kidogo, kofia kichwani. Wanaume walijaa mkekani. Jumaa, mdogo wake mzee, aliketi karibu na kaka yake kuliko wote, akijibu salamu kwa niaba yake.

Jumaa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na watu wa haraka wakiona mlango wazi hawaulizi ni wa nani. Alikuwa amemwuliza Mwamvita mapema, akimmiminia chai: "Hivi kauli ya kofia, huko ofisi ya kata wanaipokea?"

"Wanaipokea, ami. Kama sahihi. Ila mkufunzi ashuhudie."

"Ahaa," alisema Jumaa, na kumwongezea sukari bila kuulizwa.

Mshenga, Mzee Ngereza, alikohoa. Alikuwa na sauti ya kuvutia na alijua kwamba anayo. "Sisi tulikuwa tukipita," alianza, "tukaona katika bustani ya nyumba hii kuna ua. Tukasema, ua kama hili haliibwi, huombwa kwa mwenye bustani." Alitazama kioo, akaona maua mawili, akatabasamu. "Naona leo mwenye bustani ameweka na mengine ya kutuchanganya." Watu wakacheka. Hata Mwamvita alicheka, huku akikaza kihisi kimoja kilicholegea nyuma ya sikio la mzee. "Basi, Mzee Shemboza, tunakuuliza kwa heshima..."

Hakumaliza. Nyuki walikuwa wameshakwenda.

Waliondoka kwa pamoja, wazito, bila kule kusita kwao kwa siku zote, wakatua juu ya ua jeupe na kuganda. Baraza zima liliona. Shangazi mmoja alitoa kigelegele kilichopasua ukungu, wengine wakamfuata, na Jumaa akasimama akipeana mikono na kila mtu kama aliyeshinda uchaguzi. Chini ya kanga mabega ya Fatina yalitikisika. Alikuwa akilia, na Mwamvita alijua ni kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Yeye mwenyewe machozi yalimlengalenga. Ni kwa ajili ya siku kama hii aliichagua kazi hii.

Mtoto mmoja, akikimbia kumwambia bibi yake habari, alijikwaa kwenye waya. Taa za mlangoni zikazimika.

Nyuki wakatawanyika.

Mwamvita alikunja uso. Mtoto aliuchomeka waya tena, akiogopa kufokewa. Mlango ukang'aa. Nyuki wakajikusanya na kurudi juu ya ua jeupe, palepale. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Wengine walikuwa wakipokea kikapu.

Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu na kuugeuza mkono wake uliovaa saa ya kazi kuelekea mlangoni. Ile saa ilihesabu midundo ya mwanga, kwa ajili ya kuyaweka sawa maua. Ilisoma taa za mlangoni, ikasoma ua jeupe, na ikaonyesha mdundo mmoja. Sherehe ya watoto na ndiyo ya mzee vilitetema kwa kasi ileile.

Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimjia polepole kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Mzee hakuwa ametazama ua lolote. Moyo wake ulikuwa umepita juu ya kioo na kwenda mlangoni. Alikuwa akimtazama mwanawe aliyekaa chini ya taa. Kisogo chake kiliitikia taa zile, kofia ikasikia, na nyuki wakapelekwa kusema ndiyo.

Angeweza kunyamaza. Mwamvita aliliona hilo waziwazi, na hakujidanganya kwamba halioni. Binti anamtaka kijana. Kijana ni mwema. Baba, kwa kila lililojulikana juu yake, angekubali. Nani ameumizwa? Uongo wenyewe hakuutunga mtu. Ulitungwa na taa za watoto. Fatina angeondoka na moyo mweupe, na neno moja la mkufunzi lingemrudisha palepale njiapanda, kwenye ukungu, akijiuliza ataondokaje. Mwamvita alimpenda yule binti. Alimpenda kiasi cha kutaka kumnyamazia.

"Sasa," Jumaa alisema, akimwinamia kaka yake, uso umejaa nia njema, "maadamu nyuki wako tayari na shahidi yupo, tusiwachoshe watu kuja mara mbili. Kaka, lile shamba la juu. Wale wa nyavu za kuvuna maji ya ukungu wanalitaka. Mizinga haina mtu tena. Tuwape?"

Fatina alikuwa bado mlangoni. Taa zilikuwa bado zinatetema. Na nyuki walikuwa bado juu ya ua jeupe, hawajaondoka.

"Hilo si jibu," alisema Mwamvita.

*

Sauti yake ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. Watu walimgeukia. Aliwaeleza kama alivyoweza: mdundo wa taa, mdundo wa ua, kofia isiyojua tofauti. Alimwambia mtoto azime, awashe, azime, na wote wakaona nyuki wakitawanyika na kukusanyika bila mtu kuulizwa neno.

"Kwa hiyo ile ya kwanza?" aliuliza Mzee Ngereza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuvutia.

"Ile ya kwanza nayo. Hakujibu. Alikuwa akimtazama mwanawe tu."

Hakuna kitu kibaya kama vigelegele vilivyokatwa. Shangazi alijifunika mdomo. Jumaa alisema, "Dada, unaiharibu shughuli ya watu kwa mambo ya umeme," na wengine wakaguna kumuunga mkono. Fatina alifunua kanga. Alimtazama Mwamvita, na ndani ya jicho lile mlikuwa na swali moja tu: kwa nini usininyamazie?

"Zimeni taa," alisema Bi Hidaya. "Aulizwe upya."

Taa zilizimwa, waya ukachomolewa na kuviringishwa. Ukungu ulionekana sasa umeingia hadi miguuni mwa watu. Mshenga aliuliza tena, bila mapambo: Mzee Shemboza, unaridhia Fatina aolewe na Idrisa wa upande wetu?

Nyuki walizunguka. Walikwenda kidogo upande wa jeupe, wakarudi. Walikwenda kidogo upande wa zambarau, wakarudi. Matone yalisikika yakidondoka kutoka kwenye paa. Kisha nyuki mmoja akashuka, akaingia mzingani. Akafuata wa pili. Wakaingia wote, bila haraka, na bonde likabaki na maua yake mawili na kijito kisicho na sauti.

"Amechoka," alisema Mwamvita, na moyo ukamuuma kwa ajili ya Fatina. "Tumpumzishe. Labda siku nyingine." Akanyoosha mkono kumvua kofia.

Bi Hidaya alimshika kifundo cha mkono.

"Unampeleka wapi?"

"Mama, nyuki wakirudi mzingani..."

"Nani aliyekwambia kachoka? Wewe umemjua mume wangu toka lini?" Hakusema kwa ukali, ila hakuuachia mkono. "Huyu mtu, enzi zake, akiulizwa jambo ambalo si lake kulijibu, alikuwa anainuka. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anainuka anakwenda mizingani kwake, anawaacha hapo mkekani mtafute mwenye jambo. Muulize Jumaa. Mara ngapi kakuacha mkekani, Jumaa?"

Jumaa alitazama mikono yake. "Mara nyingi," alikiri. "Hata baba alipofariki, kwenye ile ya urithi wa dada zetu. Alisema waulizwe wao. Hakusema kwa mdomo, lakini. Aliinuka tu."

Mwamvita alikumbuka paji lile la uso alilolipangusa. Alikumbuka siku zote alizomvua kofia katikati ya sentensi, kwa upole, akidhani anamhurumia. Maua mawili aliyaweka yeye. Hakuwahi kuuliza kama mzee ana neno la tatu, na mzee alikuwa nalo, na alilisema tangu siku ya kwanza kwa njia pekee iliyobaki, na kila aliposema alizimwa.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema, na hakujali nani anasikia.

Fatina alikuwa ameinuka kigodani. Alipita kati ya wanaume, jambo ambalo siku nyingine lingezungumzwa mwezi mzima, akapiga magoti mbele ya kiti. Kioo kilikuwa kati yake na baba yake, akakisogeza kando kidogo aone uso.

"Baba, unaniachia mimi?"

Nyuki walitoka mzingani.

Walitoka kwa kusita kwao kwa kawaida, wakijigonga kidogo kama waliotoka gizani, na taa zilikuwa zimezimwa, na hakukuwa na kitu chochote kilichotetema nyumbani mle isipokuwa maua mawili. Waliinama hewani. Wakateleza kushoto. Wakatua juu ya ua jeupe.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Fatina aliinamisha kichwa juu ya magoti ya baba yake, magoti yasiyohisi. Alichotaka ni baba ambebee mzigo, na baba alikuwa ameurudisha mikononi mwake, kwa upendo, kwa sababu ulikuwa wake. Mwamvita alimwonea huruma na kumwonea wivu kwa pamoja.

Alipoinua uso ulikuwa umelowa. Aliwageukia wageni, na ni yeye aliyesema, kwa mdomo wake, mbele ya watu.

"Ninamtaka. Nitakwenda naye." Kisha, kwa sauti iliyokatika, akamgeukia baba yake tena. "Ninakuacha, baba. Ni mimi ninayekuacha. Nitakuwa narudi."

Nyuki hawakuondoka juu ya ua jeupe. Hakuna aliyewauliza kitu.

"Na shamba?" Jumaa alinong'ona, zaidi kwa mazoea kuliko kwa tamaa.

"Shamba lina mwenyewe," alisema Bi Hidaya, "na juu ya hilo hajainuka. Keti unywe chai."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha sawasawa. Kikapu kikafunuliwa. Mzee Ngereza aliirudia hotuba yake ya ua tangu mwanzo, maana ilikuwa imekatizwa na hakuwa mtu wa kuacha hotuba nusu. Mwamvita akaanza kukunja vitu vyake. Alimtazama Bi Hidaya kwanza, akauliza kwa macho, na Bi Hidaya akawauliza nyuki, na nyuki wakasema ndiyo, mvue sasa.

Akamvua kofia. Kioo kikawa kioo tu. Nywele za mzee zilikuwa zimesimama pale vihisi vilipokaa, Fatina akazilaza kwa kiganja, kisha mama yake akamwambia arudi kigodani, mlangoni, alipokuwa.

"Washeni hizo taa zenu," Bi Hidaya aliwaambia watoto. "Mwacheni amtazame mwanawe."